Picha za faragha zikisambazwa bila ridhaa: uanze na jukwaa, polisi, Kamishna wa Data au mahakama?

Picha ya faragha ikitupwa kwenye grupu moja la WhatsApp Kondele, Kisumu, saa mbili usiku, kufikia alfajiri huenda imefika Bungoma, imemfikia shemeji, na imepandishwa Telegram na mtu asiyemjua hata mwenye picha. Hapo ndipo ushauri humiminika: nenda polisi, tafuta wakili, andikia Facebook, mwambie chifu. Wanaoutoa wana nia njema, ila kila mlango kati ya hiyo hutoa kitu chake, na anayebisha mlango usiofaa hupoteza siku ambazo hana.

Kwa mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Busia milango ni minne: jukwaa lenyewe la mtandaoni, polisi, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mahakama kwa njia ya madai. Jukwaa huondoa picha bila kumgusa aliyeituma. Polisi humsaka aliyeituma bila kuiondoa picha. Kamishna ana meno makali kwa biashara kuliko kwa mpenzi wa zamani. Mahakama hutoa zuio na fidia, lakini hudai pesa na subira.

Pengo la Kenya huonekana ukitazama kwa wengine. Hapa hakuna ofisi unayoipelekea linki ya picha yako nayo ikaiamuru kampuni iifute kabla ya kesho. Australia wanayo: Kamishna wao wa usalama mtandaoni, chini ya sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, huweza kuipa kampuni ilani ya kuondoa picha ndani ya saa 24. Marekebisho ya sheria yetu ya mtandao yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yaliipa kamati ya kitaifa ya uhalifu wa mtandaoni uwezo wa kuagiza tovuti au programu nzima ifungwe, lakini hilo ni shoka, na mwenye picha moja kwenye ukurasa mmoja anahitaji wembe. Kwa hiyo hapa nyumbani mtu huunganisha vipande mwenyewe, na mpangilio wa hatua una uzito kuliko hatua yoyote peke yake.

Ushahidi kabla ya kufuta

Haraka ya kufuta ndiyo huua kesi nyingi. Jukwaa likishaondoa chapisho, linki inakufa, na akaunti ya mtumaji huenda ikafungwa pamoja na jina lake. Tenga nusu saa kwanza.

Piga skrinishoti zinazoonyesha anwani kamili ya ukurasa, jina la akaunti, tarehe, saa na idadi ya waliotazama. Kisha rekodi skrini ukianzia kwenye wasifu wa mtumaji hadi kwenye chapisho lenyewe, bila kukata. Kwenye Facebook nakili linki ya wasifu, kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja. Kwenye Telegram chukua linki ya chaneli na jina la mtumiaji. Kwenye WhatsApp fungua maelezo ya mtumaji hadi namba yake ionekane. Skrinishoti inayosema "Brayo" haimwambii hakimu lolote. WhatsApp pia inakuruhusu kuhamisha gumzo zima kama faili, na faili hiyo hubeba saa na tarehe za kila ujumbe.

Ujumbe asilia ubaki kwenye simu. Usiifute simu, usiiuze, usiipeleke kwa fundi.

Sasa suala la kuchapisha. Watu wengi hutuma picha kwa barua pepe ya saiba, mhudumu anapakua, anachapisha, mteja analipa na kuondoka. Nakala imebaki kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye barua pepe ya duka. Hiyo ni kuisambaza picha mara ya pili kwa mkono wako. Peleka simu kituoni ikiwa na ushahidi ndani, na uchapishaji ufanyike chini ya mpelelezi. Ukilazimika kuchapisha mwenyewe, chapisha zile skrinishoti zenye majina na vitisho, sehemu za mwili zikiwa zimefunikwa. Ile isiyofunikwa ibaki kwenye simu.

Kuna karatasi moja ambayo ikikosekana kesi huyumba: cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kinaeleza rekodi ni ipi, ilitolewaje, kwa kifaa gani, nacho hutiwa saini na mtu aliyekuwa na dhamana ya kifaa hicho. Aliyepiga skrinishoti ni wewe kwa simu yako? Basi anayehusika na cheti ni wewe. Ni dada yako aliyeziona kwanza na kuzihifadhi kwa simu yake? Basi ni yeye, na huenda akaitwa kutoa ushahidi. Amueni mapema nani atasimama kizimbani, kisha simu ya huyo ndiyo itumike.

Hayo yote ni ya mtu mzima. Aliye pichani akiwa chini ya miaka 18, usipige skrinishoti ya picha, usiihifadhi, usiitume hata kwa mwalimu au chifu "aone". Kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinahusu picha za ngono za watoto, na adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 25. Andika linki na namba kwenye karatasi, piga 116, namba ya bure ya watoto, kisha nenda polisi siku hiyo hiyo.

Milango minne kwa mtazamo mmoja

| Mlango | Unachopata | Mwendo | Panaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Jukwaa | Picha kuondolewa, akaunti kufungwa | Saa chache hadi siku kadhaa | WhatsApp, Telegram, tovuti za kigeni zisizojali |
| Polisi | Mtumaji kutafutwa na kushtakiwa | Miezi, mara nyingi zaidi ya mwaka | Laini yenye jina la mtu mwingine. Mtumaji aliye ng'ambo |
| Kamishna wa Data | Amri ya kufuta, faini, fidia | Siku 90 kisheria | Mtu binafsi asiye na biashara |
| Mahakama ya madai | Zuio na fidia | Zuio mapema, hukumu baadaye sana | Mdaiwa asiye na mali |

Jukwaa: huu ni wa usiku wa kwanza

Ripoti ya kawaida hufanya kazi ikiwa utachagua sababu sahihi. Kwenye Facebook, Instagram na TikTok kuna chaguo mahususi la picha za uchi au za faragha zilizosambazwa bila ridhaa. Anayebonyeza "sipendi hii" au "taka" anaiweka ripoti yake kwenye foleni nyingine kabisa. Na ripoti moja ya mwenye picha, yenye maelezo kwamba ni yeye aliye pichani na hakukubali, ina uzito kuliko ripoti hamsini za marafiki zisizo na maelezo.

Ripoti huondoa chapisho moja. Ili kuzuia lisirudi kwa akaunti nyingine kuna StopNCII.org, chombo kilichozinduliwa Desemba 2021 na shirika la Uingereza la SWGfL. Kinafanya kazi hivi: unachagua picha ndani ya simu yako, simu inatengeneza msimbo unaoitwa heshi, na msimbo huo pekee ndio unaotumwa. Picha haiondoki kwenye simu. Kampuni washirika, zikiwemo Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na Reddit, hulinganisha heshi hiyo na kinachopandishwa kwao. Ni ya waliotimiza miaka 18 na picha lazima iwe ya wakiwa watu wazima. Kwa picha za mtu alipokuwa mtoto kuna Take It Down ya shirika la Marekani la NCMEC, iliyoanza Februari 2023, nayo hufanya kazi kwa mtindo huo huo.

Inapokwama ni hapa. Lazima uwe na faili. Ukisikia tu kwamba picha ipo lakini hunayo, huna cha kutengenezea heshi. Kama unachonacho ni skrinishoti yenye fremu ya WhatsApp juu na chini, heshi yake haitalingana na ya picha yenyewe. Hifadhi picha kamili badala yake. Kwa picha za kawaida heshi huvumilia mabadiliko madogo kama kupungua ukubwa, lakini ikikatwa sana au kuongezwa maandishi makubwa inaweza kupita. Video ni ngumu zaidi: heshi yake hubadilika kabisa faili ikiguswa hata kidogo, na WhatsApp hubana kila video inayopita humo. Kwa hiyo weka zote mbili, ile asilia na ile iliyokwishabanwa na kuzunguka. Ukimaliza utapewa namba ya kesi na PIN. Ziandike mahali salama, maana zikipotea huwezi kuifuatilia kesi hiyo tena.

WhatsApp na Telegram haziguswi na heshi hizo. Kwenye WhatsApp, ukiripoti mtu, ujumbe wake wa mwisho hadi mitano huenda kwa kampuni, na akaunti inaweza kufungwa, lakini nakala zilizokwishafika kwenye simu za watu zinabaki. Dawa ya haraka ni msimamizi wa grupu, kwa kuwa anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Grupu la chama au la kanisa, ujumbe kama huu hufanya kazi kuliko ugomvi:

"Mama mwenyekiti, habari za jioni. Kuna picha iliyowekwa kwenye grupu leo saa 2:14 usiku. Imewekwa bila ruhusa ya mwenyewe, na kuisambaza ni kosa chini ya kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni. Naomba uifute kwa wote na uwaombe wanachama wasiipeleke mbele. Tafadhali usimtoe aliyeituma hadi nikwambie, maana nahitaji namba yake ionekane."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Wasimamizi wengi kwa hasira humtoa mtumaji kwanza, na baadaye kila mtu anabaki kukisia ilikuwa namba ipi.

Google ina fomu ya kuondoa picha za faragha kwenye matokeo ya utafutaji. Tovuti yenyewe inabaki na picha, lakini mwajiri wa Nakuru anayetafuta jina lako hataiona. Kwa wengi hiyo ni nusu ya maumivu kuisha.

Njia ya hakimiliki ni ya pembeni lakini ina nguvu yake. Picha uliyojipiga mwenyewe ni mali yako kisheria, na tovuti za kigeni zinazopuuza malalamiko ya faragha mara nyingi huogopa notisi ya hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki, tangu marekebisho ya 2019, nayo ina utaratibu wa notisi ya kuondoa. Tatizo ni kwamba notisi hubeba jina na anwani yako, na anayelalamikiwa hupata nakala. Mtu anayejificha kwa mpenzi mkali asiitumie bila wakili au shirika la kumwakilisha. Na kama aliyekupiga picha ni yeye, hakimiliki ni yake. Njia hiyo imefungwa.

Sheria za nje zimeanza kuusukuma mlango huu upande wetu. Marekani, zilipo kampuni nyingi kati ya hizi, ilipitisha sheria ya Take It Down (si kile chombo cha NCMEC chenye jina hilo hilo) iliyotiwa saini 19 Mei 2025. Majukwaa yalipewa mwaka mmoja, hadi 19 Mei 2026, kuweka utaratibu wa kupokea maombi na kuondoa picha ndani ya saa 48, zikiwemo picha bandia zilizotengenezwa kwa akili bandia. Ombi halali lina vitu vinne: saini yako, ambayo inaweza kuwa ya kielektroniki, linki au maelezo ya kutosha kuipata picha, tamko fupi kwamba unaamini kwa dhati haikuwekwa kwa ridhaa yako, na mawasiliano yako. Andika kwa Kiingereza, kwa aya moja. Kikikosekana kimoja kati ya vinne, kampuni ina sababu ya kutokuhesabia hizo saa 48.

Uingereza, kwa Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023, iliwapa Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano, uwezo wa kutoza faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani. Vitisho hivyo huwafanya wenye majukwaa wakaze mifumo, lakini Ofcom haipokei kesi ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usipoteze barua huko. Ile ofisi ya Australia inakufaa kama wewe au mtumaji anaishi Australia, au picha imehifadhiwa huko. Kwa familia zenye watoto wanaosoma au kufanya kazi kule, si jambo dogo.

Polisi: unapomjua mtu, au anapodai pesa

Kifungu cha 37 cha sheria ya 2018 kinamgusa yeyote anayetuma, kuchapisha au kusambaza picha ya faragha au chafu ya mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Uzuri wake ni ufupi: hakidai uthibitishe kwamba alikusudia kukuumiza. Ukiulizwa kwenye kaunta "na wewe ulijipiga za nini?", jibu la kisheria ni kwamba kifungu hakiulizi nani alipiga picha, kinauliza nani aliisambaza.

Ubaya wake ni kwamba hakitaji ridhaa popote, hakisemi lolote juu ya kuondoa picha, na hakigusi vitisho. Mtu anayesema "nitaituma kesho" bado hajavunja kifungu cha 37. Hapo hutumika kifungu cha 27 cha unyanyasaji wa mtandaoni, ambacho katika sheria ya 2018 kilifika shilingi milioni 20 au miaka kumi. Lakini kifungu hicho kilirekebishwa Oktoba 2025, na mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za marekebisho, hivyo muulize mpelelezi au mwendesha mashtaka atatumia maneno yapi hasa kabla ya kutegemea kifungu hicho peke yake. Kwa anayedai pesa kwa vitisho, Kanuni ya Adhabu ya zamani ina makosa yake ya kudai mali kwa vitisho, na hayo hayana utata.

Kifungu cha 27 kina kitu kingine kisichojulikana sana: mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kumzuia mshtakiwa, ombi linaweza kuletwa hata nje ya saa za kazi, mtu mwingine anaweza kuliomba kwa niaba ya mlalamishi, na mahakama inaweza kuiagiza kampuni ya simu itoe jina la mwenye laini. Mtego ni neno "mshtakiwa". Mpaka mtu ashtakiwe, zuio hilo haliko mkononi. Anayehitaji zuio kabla ya mashtaka aende mlango wa madai.

Ukienda kituoni, kokote kuanzia Kisumu Central hadi Njoro, uliza dawati la jinsia ili usimulie mambo kwenye chumba, si mbele ya foleni ya watu waliokuja kuripoti kitambulisho kilichopotea. Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na jina la mpelelezi. Soma taarifa yako kabla ya kutia saini. Taarifa nyingi huandikwa "alituma picha mbaya" na kuishia hapo, bila tarehe, bila linki, bila namba ya mtumaji. Hizo tatu ziwe ndani.

Simu yako huenda ikachukuliwa kama kielelezo na kupelekwa kwenye maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), Kiambu Road, Nairobi. Inaweza kukaa huko miezi. Kabla ya kuikabidhi toa laini yako, nakili namba za watu, hamisha M-Pesa kwenye simu nyingine, na upewe karatasi inayoonyesha IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya simu uliyoitoa. Wengi hukata tamaa na kesi kwa sababu tu wamebaki bila simu ya kazi, jambo ambalo lingetatuliwa kwa kutoa simu ya pili, ya bei nafuu, iliyotumika kuhifadhi ushahidi tangu mwanzo.

Mwombe mpelelezi jambo moja mahususi siku ya kwanza: aitumie Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ombi la kuhifadhi data ya akaunti kupitia mlango wao wa vyombo vya usalama. Meta huihifadhi kwa siku 90 ikisubiri hati rasmi. Ombi hilo lisipotumwa, mshukiwa anafuta akaunti, na kufikia wakati hati za mahakama zinapokamilika hakuna cha kutoa.

Anayedai pesa usimlipe. Malipo ya kwanza ndiyo humwonyesha kwamba unalipika. Kama umeshalipa, ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri kuliko mazungumzo yote, kwa sababu unabeba jina lililosajiliwa, kiasi na dakika. Laini ikiwa na jina la bibi wa kijijini asiyejua lolote, mpelelezi huanza na wakala ambako pesa zilitolewa. Ukizungushwa kituoni, piga DCI kwa 0800 722 203, bila malipo.

Neno juu ya wazee na chifu. Huku kwetu mambo mengi humalizwa nyumbani, na familia za pande zote huomba kesi iondolewe kwa barua ya makubaliano. Barua inaweza kulipia aibu, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna nakala nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu au kwenye barua pepe yake. Mkikaa chini, angalau isubiri hadi simu iwe imechunguzwa.

Kamishna wa Data: fundi simu, gesti, studio, blogu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya wapenzi walioachana. Inaacha nje mambo ya mtu binafsi ya nyumbani, na mtumaji mjanja atajificha hapo, ingawa kutupa picha kwenye grupu la watu 200 ni vigumu kuita jambo la nyumbani. Inapong'ara ni pale picha ilipotoka mikononi mwa mtu anayefanya biashara: fundi aliyetengeneza kioo akanakili matunzio yako, studio, gesti yenye kamera iliyofichwa, mwajiri mwenye CCTV, blogu inayopata pesa za matangazo kwa picha yako.

Ofisi hiyo ina matawi Nakuru na Kisumu, kwa hiyo safari ya Nairobi si lazima. Malalamiko yanaweza kuwa ya mdomo au ya mtandaoni, na wakili hahitajiki. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Faini hufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo ndicho hutumika. Fidia kwa aliyeumizwa ipo pia. Septemba 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kupandisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo hazikuwa picha za faragha, ila zinaonyesha kwamba picha ya mtu huhesabiwa kuwa data yake.

Kwa fundi simu, risiti ndiyo kesi. Risiti yenye tarehe, aina ya simu na jina la duka humweka ndani ya sheria. Bila hiyo ni neno lako na lake. Kwa picha bandia za akili bandia pia mlango huu una faida ambayo kifungu cha 37 hakiitoi wazi: unaweza kudai data ya uongo au ya kupotosha kukuhusu irekebishwe au ifutwe, bila mjadala wa kama picha "ni yako".

Mahakama ya madai

Hapa msingi ni Katiba ya 2010, kifungu cha 31 cha faragha na cha 28 cha utu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Nairobi ilimwamuru mpenzi wa zamani wa malkia mmoja wa urembo alipe shilingi milioni moja kwa kutoa picha zake za faragha. Ombi la faragha chini ya Katiba hupelekwa Mahakama Kuu, na zipo Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya na kwingineko. Kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba huruhusu hata barua ipokewe kama ombi, jambo ambalo mawakili hawalitangazi sana. Omba mapema kesi itumie herufi za kwanza za jina lako. Hukumu zikishachapishwa mtandaoni bila hilo, jina lako litapatikana kwenye Google kwa sababu mpya.

Nguvu ya mlango huu ni zuio la muda, linaloweza kuombwa upande mmoja kabla mdaiwa hajasikizwa. Akilivunja ni dharau ya mahakama. Udhaifu wake ni hesabu: fidia ya milioni kwa kijana asiye na kazi ni karatasi. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ina ofisi Kisumu na husaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Hali kadhaa na mlango wake

Mpenzi wa zamani anatisha lakini hajatuma: heshi StopNCII usiku huo, polisi asubuhi kwa vitisho, na zuio la madai ikiwa ana kazi au mali ya kupoteza. Hii ndiyo hali pekee ambapo unaweza kumtangulia.

Imeshatumwa na unamjua: ushahidi, ripoti za jukwaa, heshi, kisha kifungu cha 37.

Humjui, anadai pesa, namba ni ya nje: usilipe, usiendelee kuzungumza, funga orodha ya marafiki isionekane kwa umma, weka heshi. Polisi waandikishe, lakini usitarajie mtu akamatwe. Nguvu yako iwe kwenye majukwaa. Akiwa Uganda, ng'ambo ya Busia au Malaba, mpelelezi anaweza kushirikiana na wenzake wa upande ule, ila ombi liandikwe rasmi na lisiishie kwenye simu ya mtu kwa mtu.

Imetoka kwa biashara: Kamishna kwanza, polisi sambamba.

Anayeumia sana moyoni asisubiri kesi. Piga 1195, namba ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, saa zozote, bila malipo. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na ushauri nasaha hutolewa hata kama mwili haukuguswa.

Baada ya wiki mbili rudia kutafuta jina lako na majina ya utani kwenye Google na Telegram, kisha mwezi mmoja baadaye tena. Nakala mpya ikipatikana, ihifadhi kwanza, ilinganishe na ile uliyoiwekea heshi, na kama imekatwa au imebanwa upya, fungua kesi ya pili StopNCII kwa toleo hilo.